Mwongozo Kamili wa Kula Katika Mgahawa wa Vikorokoro, Mtwara na Lindi

Iko migahawa katika pwani ya kusini ambamo huoni viti viwili vinavyofanana. Meza moja ni mlango wa nyumba uliolazwa juu ya mapipa, nyingine imekaa juu ya miguu ya chuma ya cherehani, ukutani karabai imepakana na kinyago, na juu ya kichwa chako limening'inia jarife, wavu mkubwa wa kuvulia, lenye maboya ya rangi tatu. Mimi huiita migahawa ya vikorokoro, na neno hilo silitumii kwa dharau. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kula humo akashiba, akalipa alichotarajia na kutoka na nguo nzima, kwa kuwa mahali ambapo kila kitu ni cha aina yake, mambo ambayo kwingine umezoea kuyakuta yamepangwa inakubidi uyapange mwenyewe.

Wapo wanaosema kuwa mtindo huu umeletwa na wageni. Sikubaliani nao. Katika Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, huko huko mkoani Lindi, mafundi wa zamani walipachika bakuli zilizotoka ng'ambo ndani ya chokaa ya dari kuwa mapambo, nao hawakungoja kwanza zifanane na mawe ya matumbawe yaliyojengea kuta. Watu wa mwambao wamekuwa wakipamba kwa kilicholetwa na bahari tangu zamani. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi bahari, mnada na ghala la marehemu babu vyote vinachangia ukuta mmoja.

Kabla ya kutoka nyumbani

Jiko la mgahawa wa namna hii mara nyingi ni dogo kuliko mapambo yake, kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupiga simu asubuhi na kuuliza kilichopo, si kilichoandikwa kwenye menyu. Ukiwa unataka pweza, tazama mwezi kabla hujashika simu. Pweza huchokolewa miambani maji yanapokupwa sana, na maji hukupwa sana wakati wa bamvua, yaani siku chache za kuzunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Katika pwani yetu kupwa kwa bamvua huangukia kati ya saa nne na saa tano za asubuhi, hivyo pweza wa siku hiyo hufika jikoni adhuhuri, hupondwa, huchemshwa, na jioni huwa tayari kwa tui la nazi. Maji mafu yakiingia, yaani siku ambazo maji hayakupwi sana, pweza utakayepewa huenda ametoka kwenye friza. Hilo si kosa, ila ni haki yako kulijua kabla ya kulipia bei ya pweza mbichi.

Majira ya mwaka nayo yana neno. Wakati wa kusi, upepo hupiga kwa nguvu na meza za upande wa bahari huwa za kugombana na vitambaa, leso na moto wa kandili. Wakati wa kaskazi meza hizo hizo ndizo za kugombewa. Kuanzia Oktoba, minada ya korosho ikishaanza na fedha ikishaingia mikononi mwa wakulima, nafasi za Jumamosi jioni huwa finyu, na mtu aliyezoea kuingia bila taarifa mwezi Mei atakuta amesimama mlangoni. Mchana wa Ijumaa panga kufika baada ya sala. Mwezi wa Ramadhani uliza kwanza kama wanafungua mchana, maana wengi huanza kazi wakati wa futari, na futari ya mihogo na mbaazi za nazi katika migahawa hii inastahili safari yake peke yake.

Anayetoka Mtwara mjini kwenda Mikindani ana safari ya takribani kilomita 10, na daladala zipo mchana kutwa. Kurudi usiku ndiko kunakohitaji mpango: patana na bajaji ya kurudi kabla hujakaa kula, kwa kuwa baada ya kushiba hutakuwa na nguvu ya kubishania nauli.

Mlangoni

Usiingie ukipiga picha. Migahawa mingi ya vikorokoro ni sebule ya mtu iliyopanuka polepole hadi ikawa biashara, na mwenyewe bado anaihesabu kuwa nyumba yake. Piga hodi hata kama mlango uko wazi, mwamkie mzee au bibi aliyeketi barazani kwa shikamoo, ngoja marahaba na karibu, ndipo utaje idadi yenu. Ukiona viatu vimepangwa kizingitini, vua vyako, kwa kuwa ndani kutakuwa na mikeka ya ukindu na wapo watakaokaa chini. Dakika hizo mbili za salamu zina faida yake: mwenye mgahawa aliyeamkiwa vizuri ndiye atakayekunong'oneza kwamba leo achana na kamba, chukua tasi.

Kuchagua kiti

Katika mgahawa wa kawaida unaagiza chakula tu. Hapa unaagiza vitu viwili, na cha kwanza ni kiti. Watu wengi hukosea papo hapo, kwa sababu huchagua kwa macho kile kilicho cha ajabu zaidi, kisha hula saa nzima wakiwa wamejikunja.

Anza kwa kupima urefu. Kaa, weka viwiko vyako karibu na mbavu, na uangalie ukingo wa meza unakufikia wapi. Ukikufikia kifuani, kama inavyotokea kochi kuukuu linapowekwa mbele ya meza ndefu ya ofisini, mkono wako utapanda mlima kwa kila tonge, na mchuzi utateremka kwenye kiwiko. Kochi ni la kahawa, la maji ya matunda na la mazungumzo. Wali wa nazi na samaki wa kupaka unataka meza inayokufikia kiunoni, na ugali wa muhogo kwa kisamvu unaliwa vizuri kuliko kote ukiwa umekaa mkekani, sinia likiwa kati yenu. Kwa hiyo uliza kwanza utakula nini, kisha ndipo uchague utakaa wapi.

Halafu pima uimara. Shika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, ukisukume kidogo mbele na nyuma, usikilize. Kiti cha mbao kinacholia kama mlango hakijavunjika bado, lakini kinatoa taarifa. Kiti cha plastiki tazama miguu ya nyuma, hasa kama sakafu ni mchanga, maana huzama upande mmoja na kupasuka ghafla. Ukiona kimeshonwa kwa waya au kwa uzi wa nailoni, mpe mwenye uzito mdogo au kirudishe. Kiti cha kusukwa na kitanda cha kamba kinachotumika kama benchi vina adui wa siri. Inama utazame maungio na mafundo, na ukiona vidoa vyeusi kama vumbi la kahawa lililoshikana, huyo ni kunguni, nawe simama upesi bila kumwaibisha mwenyeji mbele ya wageni wengine. Sema tu kwamba unapenda kukaa karibu na dirisha.

Meza ya cherehani inastahili aya yake. Hupendwa sana kwa picha, na miguu yake ya chuma iliyosukwa maua ni mizuri kweli, lakini kanyagio la chini mara nyingi halikufungwa. Unaweka mguu, linacheza, gurudumu linazunguka, na meza nzima inatetemeka kiasi cha kumwaga chai. Kabla hujaketi, likanyage mara moja. Likicheza, omba kipande cha kamba lifungwe, au uketi upande wa pili ambapo miguu haifiki. Akina mama waliovaa baibui au kanga wawe waangalifu zaidi, kwa sababu gurudumu hukamata pindo la nguo bila kuuliza. Nimeona kanga ya doti mpya ikichanika hivyo, na mwenyewe alikuwa bado hajaagiza.

Kisha tazama juu. Kila kinachoning'inia juu ya meza kina vumbi, na vumbi hushuka. Nyavu, vikapu, vizimba vya ndege na makasia ya ngalawa ni mapambo mazuri yakiwa ukutani, lakini yakiwa juu ya bakuli lako la mchuzi yanaleta shaka. Piga meza kwa kiganja mara moja, kwa nguvu ya wastani. Kama kitu kitaanguka, kianguke kabla ya chakula kufika. Usiketi chini ya wavu uliozungushiwa nyaya za taa, wala mahali ambapo kandili inawaka karibu na makuti, na ujue njia ya pili ya kutokea iko wapi, kwa maana katika nyumba hizi mara nyingi mlango wa nyuma umezibwa kwa kabati ambalo mwenyewe ameshindwa kuliuza.

Mwisho wa jambo la kiti ni mwanga. Taa za rangi, nyekundu hapa na kijani kule, hupendeza hadi uletewe samaki mwenye miba. Anayekula changu au tasi akae penye mwanga mweupe, na mwanga wa rangi awaachie wanaokula wali maharage.

Ukale si uchafu

Kitu kuukuu na kitu kichafu havifanani, na anayeweza kuvitofautisha ataujua usafi wa jiko bila kuliingia. Tazama vitu vinavyoguswa kila siku: birika la kunawia, kopo la chumvi, upande wa chini wa kitambaa cha meza, sakafu chini ya kochi. Mwenye mgahawa anayefuta vumbi kwenye mikunjo ya kinyago huku beseni la kunawia likiwa na utando wa sabuni ya juzi, amechagua kupendeza kuliko kulisha. Kinyume chake, nimekula mahali ambapo redio ya mbao juu ya rafu ilikuwa na vumbi la miaka, lakini mama wa jikoni alikuwa akiosha kibao cha mbuzi kila baada ya kukuna nazi, na kifumbu chake cha kuchujia tui kilikuwa kimeanikwa juani, ukindu wake ukiwa mweupe. Hapo nililegeza mkanda kabla hata ya kuagiza.

Kuagiza

Menyu nayo inaweza kuwa kikorokoro: imeandikwa kwenye kasia, kwenye ubao wa shule au nyuma ya kalenda ya zamani, na bei zake huenda ni za zama hizo. Ichukue kama mwanzo wa mazungumzo. Uliza swali hili, nalo linatosha: “Leo kimepikwa nini, na kipi kitanikawiza?” Mhudumu mwaminifu atakutajia vitu vitatu au vinne, na hivyo ndivyo vya kuchagua.

Samaki hupimwa kwa ukubwa, kwa hiyo omba uletewe umwone akiwa mbichi, umtazame macho na matamvua, kisha mpatane bei kabla hajaingia kwenye mafuta. Mimi mwenyewe niliwahi kuagiza kolekole kwa kutaja jina tu, katika mgahawa ambao sina haja ya kuutaja. Nililetewa samaki wa kutosha watu watatu, nami nilikuwa peke yangu, na bei ikafuata mkia. Kama huna hakika, chagua samaki wa chukuchuku. Ule mchuzi mwepesi wa ndimu, kitunguu na pilipili hauwezi kuficha samaki aliyelala, ilhali kupaka na kukaanga vinaweza.

Vyakula vya kusini visikupite. Msimu wa ming'oko ukiwa umefika, viazi hivyo vya porini huletwa vimechemshwa, na watu huvila kwa chumvi na pilipili wakati wa kusubiri. Korosho za kukaangwa uliza kama ni za leo. Kisamvu kilichotiwa karanga na kisamvu kilichotiwa nazi ni mboga mbili tofauti, taja unayoitaka. Kuhusu vinywaji, kumbuka kwamba bilauri nazo hazifanani: juisi ya ukwaju ina bei moja, lakini inaweza kuja katika kikombe cha bati, kopo la jemu au bilauri ndefu ya bluu inayobeba nusu lita. Hakuna aibu kuomba bilauri ya bluu.

Wakati wa kusubiri

Chakula kinachopikwa kwa kuni au mkaa kinaweza kuchukua zaidi ya saa moja, na mapambo yaliwekwa kwa ajili ya saa hiyo. Kanuni ya kugusa ni nyepesi: kilicho mezani shika, kilicho ukutani omba, kilicho ndani ya kabati la kioo tazama.

Vinyago ndivyo vinavyouliziwa zaidi. Kinyago cha mpingo ni kizito kuliko kinavyoonekana, kwa kuwa mti huo ukitiwa majini huzama, na mchongaji mara nyingi huacha ukanda wa mbao ya nje, wa rangi ya manjano hafifu, ambao hauna weusi. Pitisha leso nyeupe mahali palipojificha. Ikitoka na weusi, hiyo ni dawa ya viatu juu ya mbao nyepesi. Lakini usihukumu kila kinyago chepesi kuwa cha bandia. Kinyago cha mapiko, kile cha ngoma ya Wamakonde, huchongwa kwa mti mwepesi makusudi kwa sababu huvaliwa kichwani, na baadhi hupandikizwa nywele za kweli. Hicho usikivae kwa ajili ya picha bila idhini, hata kama kinakutazama kwa kukualika, kwa kuwa mapiko ni ya jando na unyago na yana miiko ambayo mwenye mgahawa huenda anaiheshimu kuliko anavyosema.

Utaonyeshwa pia ubao na kuambiwa kwamba ni taruma, yaani gogo la kulazia reli, la reli ya karanga. Reli hiyo ilikuwapo kweli: Waingereza walianzisha mradi wa karanga mwaka 1947, ukaachwa mwaka 1951, na njia ya treni iliyounganisha Mtwara na Nachingwea iling'olewa katika miaka ya 1960. Lakini kama mbao zote ninazoonyeshwa katika migahawa zingetoka kwenye njia ile, treni ingefika Songea. Taruma la kweli lina matundu ya misumari mikubwa au alama ya chuma kilichokandamiza mbao kwa miaka. Ubao usio na alama hizo ni ubao tu, nao pia hubeba sahani.

Chakula kikifika

Kunawa hufanyika kwa birika na beseni, mkubwa akitangulia. Ukimaliza, tazama sahani kabla hujatazama chakula. Sahani ya bati iliyobanduka rangi ukingoni inaweza kutoa vigae vidogo, na ya kauri yenye ufa hushika uchafu, kwa hiyo omba nyingine bila kuona haya. Sahani za mapambo zilizochorwa maua kwa rangi kali, zile za zamani hasa, zisitumike kwa kitu chenye ndimu au siki, kwa maana baadhi ya rangi hizo zina madini ya risasi. Chombo cha shaba kisichopakwa bati kwa ndani nacho hakipatani na ukwaju. Ukionja juisi ukahisi ladha ya chuma, iache, kabla haijakuletea kichefuchefu.

Mkishirikiana sinia, kila mtu ale upande wake, na samaki agawiwe na aliye mkubwa au aliyealika. Kichwa cha samaki hakiachwi mpaka mwenyeji wenu aulizwe, kwa sababu wapo wanaokuja kwa ajili ya kichwa hicho tu.

Malipo, na vitu vya kuchukua

Kabla ya kulipa, soma bili mstari kwa mstari, mradi kwa upole. Mahali pasipo na menyu rasmi makosa hutokea pande zote mbili, na mimi nimewahi kurudisha fedha iliyopungua hesabuni. Uliza mapema kama wanapokea malipo kwa simu, maana mtandao wa jioni huwa na tabia zake, kisha udai risiti. Chakula kilichobaki utafungiwa, lakini mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, hivyo njoo na kikapu au kontena lako.

Karibu kila kitu ukutani kinaweza kuuzwa ukiuliza vizuri, na hapo ndipo pa kuwa na kiasi. Magamba ya kasa usinunue kabisa, kwa kuwa kasa wanalindwa na sheria. Vitu vya kale navyo viko chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na miongoni mwake ni milango ya zamani ya nakshi, kama ile ya Mikindani. Vitu hivyo havisafirishwi nje ya nchi bila kibali, na mgeni wako kutoka Ulaya aambiwe hivyo kabla hajauliza bei ya kufungasha. Kinyago kipya cha mchongaji aliye hai hakina shida hiyo. Omba jina la mchongaji, na ikiwezekana umlipe yeye.

Wengine hupenda kupeleka kitu badala ya kuchukua. Kipeleke kikiwa kimesafishwa, uliza kwanza kama kinahitajika, wala usiweke sharti kikae wapi. Mimi nilipeleka birika la marehemu bibi lililopoteza mfuniko, nikidhani litawekwa kwenye rafu ya juu, karibu na redio. Wamelitia vijiko, liko kaunta, kila anayeingia huliparamia kwa mkono wenye mafuta, na mara zote mbili nilizorudi nimelipishwa chai yangu kama mtu mwingine yeyote.